Kuunda Jeti ya Mfano kwa Balsa: Vampire ya Kipimo cha Moja kwa Kumi

De Havilland Vampire, ndege ya kivita ya Uingereza, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 20 Septemba 1943 kutoka Hatfield, Uingereza, na ingawa ilikuwa miongoni mwa jeti za mwanzo kabisa, kiwiliwili chake cha katikati kiliundwa kwa balsa, yaani ubao mwepesi sana, iliyobanwa kati ya matabaka mawili ya plaiwudi, kwa ufundi uleule ambao kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kuutumia kwenye ndege yake ya Mosquito. Anayetaka kuunda jeti ya mfano kwa balsa hana haja ya kutafuta mbali zaidi ya hapo. Ipo sababu ya pili, nayo kwangu ni nzito kuliko ya kwanza. Injini za jeti za wakati ule zilikuwa na nguvu ndogo, na bomba refu la kutolea hewa lingeipunguza zaidi nguvu hiyo, kwa hiyo wahandisi walikifupisha kiwiliwili na kuubeba mkia kwa mikono miwili inayotoka kwenye mabawa. Feni ya umeme inayosukuma jeti ya mfano ina udhaifu huohuo, na umbo la Vampire linautibu kabla fundi hajashika kisu.

Toleo la FB.5 lilikuwa na mita 11.58 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine, urefu wa mita 9.37, na eneo la mabawa la mita za mraba 24.3 hivi. Vipimo vya urefu tunavigawanya kwa kumi, bali eneo hupungua mara mia moja, kwa hiyo ndege yetu itakuwa na upana wa milimita 1158 na eneo la desimita za mraba 24.3. Feni ya kipenyo cha milimita 70 yenye mapanga 12, ikiendeshwa na betri ya lithiamu polima ya seli 4, hutoa msukumo unaokaribia kilo 1.5. Lenga basi ndege nzima, pamoja na betri yake, isizidi kilo 1.5, hapo kila desimita ya mraba ya bawa itabeba gramu 62 hivi. Ndege ikifika kilo 1.8 itaruka, lakini itahitaji kasi kubwa ili ibaki hewani, na kasi hiyo utakutana nayo tena wakati wa kutua.

Kuchagua mbao

Balsa ni mti unaokua haraka katika misitu yenye joto ya Amerika ya Kati na Kusini, na sehemu kubwa ya mbao zake zinazouzwa duniani hutoka Ekuador. Jambo ambalo wanaoanza hulisahau ni kwamba mbao mbili zilizokatwa kwa vipimo sawa zinaweza kutofautiana uzito mara mbili. Ubao wa milimita 915 kwa 100 wenye unene wa milimita 2 una ujazo wa sentimita za ujazo 183. Ukiwa mwepesi utakuwa na gramu 18 hadi 22, na ukiwa mzito utafika gramu 37 au zaidi. Kwa sababu hiyo mizani ndogo ya jikoni ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua, kabla hata ya kisu. Pima kila ubao, uandike uzito wake kwa penseli kwenye kona, kisha uzipange mbao kutoka nyepesi hadi nzito. Zilizo nyepesi ni za mkia na za kufunikia uso. Zilizo nzito na ngumu ni za mihimili ya bawa na ukingo wa mbele.

Baada ya uzito angalia nyuzi. Ubao uliopasuliwa sambamba na duara za mti huonyesha nyuzi ndefu zilizonyooka, nao hujikunja kwa urahisi ukiukunja kwa upana wake; huo unafaa kufunika sehemu za mviringo. Ubao uliopasuliwa kuelekea kiini cha mti una madoadoa yanayong'aa kama magamba ya samaki, ni mkakamavu, na ukilazimisha kuukunja utapasuka. Huo ni wa mbavu za bawa na mkia bapa. Kumpa kila ubao kazi inayomfaa kunapunguza uzito kuliko kutoboa matundu kila mahali, jambo ambalo mara nyingi huleta udhaifu bila kuokoa gramu za maana. Wanaoishi Pwani wazihifadhi mbao zikiwa zimelazwa chini ya kitu kizito na kufungiwa ndani ya mfuko, kwa kuwa balsa hunywa unyevu wa hewa na kupinda.

Gundi zitakuwa tatu: gundi nyeupe ya mbao kwa maungio mengi, gundi ya papo hapo kwa kushikiza, na epoksi ya dakika 30 kwa sehemu zinazobeba feni, mihimili na betri. Gundi ya papo hapo hutoa mvuke unaochoma macho na mapafu, kwa hiyo fungua madirisha.

Njia ya hewa

Hapa ndipo ndege hii inapopatikana au kupotea, na ndiyo maana nashauri mabomba ya hewa yaundwe kabla ya kiwiliwili. Anayechora kiwiliwili kwanza na kutafuta baadaye mahali pa kupitisha hewa hujikuta akikata mataruma, yaani mbavu za kiwiliwili, aliyokwisha kuyagundisha.

Anza kwa hesabu ya eneo linalofagiwa na mapanga ya feni. Feni ya kipenyo cha milimita 70 yenye kitovu cha milimita 30 hufagia milimita za mraba 3140 hivi: unachukua mraba wa 70, unaondoa mraba wa 30, kisha unazidisha kwa 0.785. Matundu mawili ya kuingizia hewa, ambayo kwa Vampire yako kwenye mashina ya mabawa, yanapaswa kuwa na jumla ya eneo lisilopungua hapo, yaani milimita za mraba 1570 kila moja. Tundu lenye upana wa milimita 60 na kimo cha milimita 28, likiwa na pembe zilizoviringwa kidogo, linatosha. Bomba la kutolea hewa ndilo linaloruhusiwa kuwa jembamba, kwa sababu hewa ikibanwa kidogo hutoka kwa kasi zaidi. Lipe asilimia 90 ya eneo la feni, na hiyo ni sawa na duara la kipenyo cha milimita 60. Ukilibana zaidi utapata kelele na mwendo wa mwisho mkubwa kidogo, lakini utapoteza msukumo wakati wa kuondoka, na kuondoka ndiko kunakoangusha jeti nyingi za mfano.

Bomba la nyuma linaundwa kwa karatasi nyembamba ya plastiki ngumu. Tuseme lina urefu wa milimita 180, likitoka kipenyo cha 70 hadi 60. Chora tao mbili zenye kitovu kimoja, moja ya nusu kipenyo cha milimita 1260 na nyingine ya 1080, kisha kata kipande chenye pembe ya nyuzi 10, ukiongeza milimita 10 upande mmoja kwa ajili ya kupishanisha na kugundisha. Ukikiviringisha utapata bomba lenye vipenyo hivyo hasa. Upande uliopishana uelekee chini, na ukingo wa ndani ugundishwe wote ili hewa isiuinue.

Mabomba ya mbele ni kazi ya uvumilivu, kwa kuwa kila moja huanza likiwa bapa kwenye bawa na kuishia likiwa nusu duara mbele ya feni, ambako mawili yanaungana. Chonga umbo la ndani kwa povu gumu, ulifunike kwa utepe wa kufungia maboksi, lizungushie matabaka mawili ya kitambaa chepesi cha faibaglasi kwa epoksi, na likikauka ulichokonoe povu lote. Wakati wa kuchonga, pima eneo kila milimita 20 na uhakikishe kwamba halipanuki wala kubanwa ghafla. Ukuta unaotenganisha hewa ya kushoto na ya kulia uishe milimita 15 hivi kabla ya feni, na ukingo wake unolewe kama wembe; kinyume chake, mdomo wa tundu la nje uwe mnene na wa mviringo, kwa kuwa ndege ikiwa imesimama feni huivuta hewa hata kutoka pembeni, na hewa haiwezi kupinda kwenye ncha kali bila kuvurugika.

Jeti yangu ya kwanza niliiwekea midomo myembamba kwa sababu ilipendeza machoni. Feni ilitoa sauti ya kukwaruza badala ya kuvuma, na ndege haikupanda juu ya miti ya ukingoni mwa uwanja. Nilipoigundishia midomo ya balsa iliyoviringwa kwa nusu kipenyo cha milimita 6, bila kubadilisha kitu kingine chochote, sauti ilitulia na ndege ikapanda. Tangu siku hiyo huwa napima: nafunga feni ikiwa peke yake juu ya kibao chenye magurudumu kilichounganishwa na mizani ya kuvuta, naandika msukumo wake, kisha naifunga pamoja na mabomba yote na kupima tena. Msukumo ukipungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kosa liko ndani ya mabomba, na ni afadhali kulitafuta wakati huo kuliko baada ya kupaka rangi.

Kiwiliwili

Ukiwa na mabomba mkononi, kiwiliwili kinajengwa kukizunguka kile ulichokwisha kukiunda, kama jahazi linavyojengwa kuizunguka shehena litakayobeba. Mafundi wa vyombo vya bahari watayatambua majina, kwani hapa pia tunaanza na mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, na mataruma. Bandika mchoro juu ya ubao ulionyooka kabisa, uufunike kwa plastiki nyembamba, ulaze mkuku wa juu na wa chini wa balsa ngumu ya milimita 5, kisha usimamishe nusu za mataruma za balsa ya milimita 3. Nusu ya kwanza ikishika, iinue na uijengee nusu ya pili juu yake. Mataruma mawili yanayobeba feni na bawa yawe ya plaiwudi ya milimita 3 na yawe mazima, yasiyogawanywa.

Taruma la mbele kati ya hayo mawili ndilo linalotatua tatizo gumu kuliko yote katika jeti hii: mhimili wa bawa unataka kupita moja kwa moja kutoka kushoto hadi kulia, na mahali hapohapo ndipo hewa inapopita. Usiutoboe mhimili, wala usiubane mfereji wa hewa. Likate taruma hilo liwe pete inayozunguka mabomba, lenye masikio mawili marefu yanayoingia ndani ya bawa hadi ubavu wa tatu, na mihimili ya juu na ya chini igundishwe kwenye masikio hayo kwa epoksi. Mzigo wa bawa utaizunguka pete badala ya kuukatiza mfereji.

Ngozi ya nje ni mbao nyembamba za milimita 8 kwa 3, zilizopunguzwa upana kuelekea ncha zote mbili. Gundisha moja kushoto na moja kulia kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, gundi ikikauka itakivuta kiwiliwili na kukipinda. Piga msasa namba 120 ulioviringishwa kwenye kibao kirefu hadi mbao zote ziwe uso mmoja, kisha 240. Kifuniko cha kioo cha rubani na sehemu ya juu ya pua vitoke kwa sumaku ili betri iingie, na chini ya feni acha mlango mdogo wa kuitolea, kwani siku moja utahitaji kuitoa.

Bawa na mkia

Bawa nililochora lina upana wa milimita 270 shinani na 150 nchani. Mbavu zinakatwa kwa balsa ya milimita 2 kwa njia ya bunda: tengeneza kielelezo cha plaiwudi cha ubavu wa shinani na kingine cha nchani, bana vipande 11 vya balsa katikati yao kwa boliti mbili, kisha piga msasa hadi vyote vifuate mstari mmoja. Mihimili ni fito za msonobari za milimita 5 kwa 3, na kati ya mhimili wa juu na wa chini ziba kwa balsa ya milimita 1.5 yenye nyuzi zilizosimama wima, kwani nyuzi zikilala hazina msaada wowote hapo.

Kabla ya kufunika, weka kipande cha unene wa milimita 5 chini ya ukingo wa nyuma kwenye ncha ya kila bawa. Hicho kitalisokota bawa kwa nyuzi 2 hivi, ncha ikitazama chini kidogo kuliko shina. Bawa linalopungua upana hupenda kupoteza nguvu ya kuinua nchani kwanza, na likiipoteza upande mmoja ndege hujipindua bila onyo, mara nyingi wakati wa kona ya mwisho kabla ya kutua. Msokoto huo hufanya shina lichoke kwanza, na ndege huinamisha pua tu. Msokoto ukiwa sawa kushoto na kulia, funika bawa zima kwa balsa ya milimita 1.5 likiwa bado limebanwa mezani. Ukishalifunika halitasokotwa tena.

Mikono ya mkia viringisha kwa balsa ile yenye nyuzi zinazokubali kukunjika. Iloweke kwa maji ya moto, izungushe kwenye bomba la plastiki, ifunge kwa bendeji na uiache siku nzima ikauke. Unapoigundisha kwenye mabawa, pima mishazari yote miwili kutoka shina la mkono mmoja hadi ncha ya mwingine, kama fundi anavyoupima mlango kabla ya kuupigilia. Vipimo vikilingana, mkia umenyooka.

Kila gramu 1 ya mkiani itadai zaidi ya gramu 2 za kusawazisha puani, kwa sababu pua ya Vampire ni fupi na mkia uko mbali. Kwa hiyo sevo ya mkia, yaani mota ndogo inayouchezesha, iwekwe ndani ya kiwiliwili, na fimbo nyembamba ya kaboni ipitie ndani ya mkono mmoja. Usukani wa wima uache bila kuchezesha. Ndege hii hugeuka vizuri kwa viwiko vya bawa peke yake, yaani vibao vinavyocheza juu na chini kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa.

Uso wa nje ufunike kwa kitambaa cha faibaglasi cha gramu 25 kwa mita ya mraba, kilichonyweshwa vanishi ya poliyurethani ya maji kwa brashi laini. Matabaka matatu ya vanishi, msasa wa 400 baada ya kila tabaka, na balsa iliyokuwa inabonyea kwa ukucha itakuwa ngumu. Rangi ipulizwe kidogo mno, na upime ndege kabla na baada.

Umeme na mizani

Feni hii huvuta ampea 60 hivi, kwa hiyo kidhibiti cha mota kiwe cha ampea 80, na kiwekwe mahali kinapopata upepo. Waya zikiwa fupi, refusha zile za kati ya kidhibiti na mota, kamwe si zile za kati ya betri na kidhibiti, kwa kuwa urefu upande wa betri huleta mapigo ya volti yanayounguza kidhibiti. Kila waya ufungwe, kwani kitu chochote kinachoning'inia ndani ya mfereji kitavutwa na mapanga. Rimoti ipangwe ili mawasiliano yakikatika feni izime yenyewe.

Betri ya milliampea-saa 4000 itoshe kwa safari ya dakika 4. Weka saa ya rimoti ilie dakika ya 3. Ichaji kwa ampea 4, ukiwa upo, juu ya sakafu isiyoshika moto, na isiposafiri ihifadhiwe ikiwa na volti 3.8 kwa kila seli.

Kwa bawa la vipimo nilivyotaja, upana wa wastani unaotumika kusawazisha ni milimita 216, nao unapatikana milimita 262 kutoka mstari wa katikati wa ndege. Hapo, pima milimita 54 kutoka ukingo wa mbele kuelekea nyuma: ndege iliyo tayari kuruka, ikiinuliwa kwa vidole viwili mahali hapo, ilale sawasawa. Sogeza betri kwanza, na risasi ya kuongeza puani iwe njia ya mwisho. Viwiko na mkia vicheze milimita 8 juu na 8 chini.

Siku ya kuruka

Nchini Kenya na Tanzania vyombo virukavyo bila rubani ndani yake vinasimamiwa na mamlaka za usafiri wa anga, basi uliza kuhusu kibali kabla ya kuchagua uwanja. Chagua pia kwa kuzingatia mwinuko. Nairobi, iliyo juu ya mita 1600 kutoka usawa wa bahari, ina hewa nyepesi kiasi kwamba msukumo wa feni hupungua kwa sehemu inayoonekana, na kasi ya chini kabisa inayolishikilia bawa hewani hupanda kwa karibu asilimia 9. Ndege ya kilo 1.5 inayoruka kwa raha Mombasa itahitaji huko wembamba zaidi wa rangi na mwendo mrefu zaidi wa kuondokea.

Sikuwekea ndege hii magurudumu, kwa kuwa tumbo lake la mviringo huteleza vizuri juu ya majani. Inarushwa kwa mpira: mita 10 za mpira na mita 25 za kamba, zilizofungwa kwenye kigingi imara, zikivutwa hadi mizani isome mara 4 ya uzito wa ndege. Ndoano iwe chini ya kiwiliwili, mbele kidogo ya kitovu cha uzito. Hakikisha hakuna mtu mbele wala karibu na kamba, elekea upepo, washa feni hadi mwisho, subiri sekunde 2 ichanganye, ndipo uachie. Usivute mkia mapema. Iache ndege ijipatie kasi yake kwanza, kisha ipande taratibu bila kona hadi iwe juu ya mita 30.

Jeti haina upepo wa propela unaopiga mkia wake, na feni huchelewa kuitikia. Kwa hiyo ukija kutua, usizime feni kabisa ukiwa bado mbali. Iache kwenye robo ya nguvu, ingia kutoka mbali kwa mstari ulionyooka, na uizime ndege ikiwa imefika kimo cha kiuno. Ikishasimama, chomoa betri kabla ya kuigusa sehemu nyingine yoyote, kisha mulika ndani ya matundu yote mawili kwa tochi, kwani majani yaliyoingia safari hii yatavunja panga safari ijayo.